Kinga ya Usiku ya Meno: ya Dukani, Laini au Ngumu?

Aliyenigundua hakuwa daktari, alikuwa mke wangu. "Baba watoto, hivi usiku kucha unatafuna nini? Mchele wenye mawe?" Nilibisha. Msaga meno hajisikii. Anayesikia ni aliyelala pembeni yake. Lakini asubuhi nilikuwa naamka mataya yamechoka kama ya mtu aliyeshinda akimenya miwa kwa meno, mapanja yanagonga, na gego langu la chini kushoto lilikuwa limemeguka kona bila kukutana na mfupa wala jiwe.

Tangu hapo nimelala na kinga tatu za aina tofauti, yaani vifuniko vya plastiki vinavyovaliwa juu ya meno usiku. Mbili sinazo tena. Ninaandika yale ambayo ningependa kuambiwa kabla sijatoa hela ya kwanza: ipi inamfaa nani, ipi ni ya kupita tu, na wakati gani usinunue yoyote.

Kinga inafanya nini hasa

Tuanze na jambo ambalo wauzaji hawalitaji. Kinga haiponyi kusaga meno. Ukilala nayo utaendelea kusaga, pengine kidogo kuliko jana, pengine vilevile. Mwaka 2007 watafiti wa Cochrane, wale wanaokusanya tafiti za jambo moja na kuzipima kwa pamoja, walihitimisha kwamba hakuna ushahidi wa kutosha kuwa vifaa hivi vinatibu usagaji wa usingizini. Faida waliyoiona kuwa inawezekana ni meno kutolika sana.

Ukitaka mfano, nenda gereji. Pedi ya breki imewekwa ili ilike yenyewe, diski ipone. Kinga ndiyo pedi. Enameli, gamba la nje la jino, ni kitu kigumu kuliko vyote mwilini, lakini haina uhai ndani yake, ikishalika hairudi. Pedi unabadilisha.

Kwa hiyo unapolinganisha, usianze na bei wala ulaini. Jiulize kama kitu hicho kitakaa kati ya meno yako miezi na miaka bila kuyasogeza, bila kukuumiza, na bila kwisha kabla hujarudisha hela yako.

Tena si kila msaga meno anahitaji kinga. Mwaka 2018 kundi la wataalamu wa nchi mbalimbali walikubaliana kwamba kwa mtu mwenye afya njema kusaga meno ni tabia ya mwili, haihesabiki kuwa ugonjwa. Kinachotazamwa ni madhara. Kama unasaga siku mojamoja wakati wa mitihani au wa kufunga hesabu, na meno yako ni mazima, lala tu. Kinga inaanza kuwa na maana meno yanapokuwa bapa kwenye ncha, vizibo vinapovunjika, jino linapomeguka, au unapoamka na maumivu wiki nzima.

Kundi moja linahitaji kuwahi kuliko wengine: waliokulia Arusha, Kilimanjaro na sehemu nyingine za Bonde la Ufa zenye maji ya floridi nyingi. Tunawatambua kwa rangi ya kahawia kwenye meno, na utani wake tunaujua. Ila pale ambapo floridi imeathiri sana, shida si rangi peke yake. Enameli yenyewe huwa na vitundu vidogovidogo na hubanduka kirahisi, na usagaji unaomchukua mtu mwingine miaka kumi kumharibia meno, kwao unaweza kufanya kazi hiyo mapema zaidi.

Ya dukani ya kuchemsha

Kinga yangu ya kwanza niliinunua Kariakoo kwenye duka la vifaa vya michezo. Ilikuwa gamshildi ya bondia. Unachemsha maji, unaitumbukiza kwa sekunde zilizoandikwa kwenye boksi, unaitoa ikiwa legevu, unaing'ata na kuibana kwa vidole na ulimi mpaka ipoe. Nilijiona mjanja.

Usiku wa kwanza nilidhani nimelala na ndala mdomoni. Gamshildi imetengenezwa kwa ajili ya ngumi: nene, laini, ya kumeza kishindo cha sekunde moja. Msaga meno hapigwi ngumi. Anasukuma na kukwaruza kidogokidogo, tena na tena hadi alfajiri. Kwa kuwa ni nene, midomo haifungi vizuri, mate yanatiririka, na mwili unaikataa wenyewe. Nilikuwa naikuta chini ya mto, na mara moja niliikuta sakafuni.

Zipo za kuchemsha zilizotengenezwa mahususi kwa usiku, nyembamba kuliko ya bondia, na baadhi ya maduka ya dawa ya miji mikubwa wanazo. Hizo ni bora kidogo. Hata hivyo udhaifu wake ni uleule: umbo lake linategemea ulivyong'ata siku ile umesimama jikoni na sufuria. Ukiwa umeng'ata upande, kinga itakung'atisha upande kila usiku. Mbaya zaidi, nyingine hazifiki mpaka gego la mwisho. Jino lisilofunikwa na lisilokutana na kitu huanza kuota taratibu kuelekea kwenye nafasi iliyo wazi, na ukija kushtuka, meno hayakutani kama zamani.

Mimi naiona kinga ya kuchemsha kama kandambili za msibani: zinakutoa hapa hadi pale. Una miadi ya daktari wiki tatu zijazo na jino linauma kila asubuhi? Ivae. Umesafiri ukaisahau ile ya kupimwa? Sawa. Lakini kuivaa mwaka mzima ni kuchezea mdomo. Na kama una meno yanayocheza, meno ya bandia, daraja, au nyaya za kunyoosha meno, usiiguse kabisa. Ikishika inaweza kuondoka na kitu.

Laini ya kupimwa: tamu ya siku za mwanzo

Kinga ya pili nilitengenezewa kwenye kliniki moja jijini, ambayo sitaitaja. Walichukua vipimo vya taya la juu tu, wakaniambia nirudi Ijumaa, na Ijumaa wakanikabidhi kitu laini kinachong'aa kama jeli. Hakuna aliyetazama nang'ataje. Dakika tano nikawa nimeshalipa.

Nikiri kwamba niliipenda. Inakaa kwenye meno kama soksi, haisogei, na usiku wa pili tu nimeshaizoea. Ukimpa mtu achague kwa kujaribu usiku mmoja, tisa kati ya kumi watachukua laini.

Tatizo linakuja baadaye. Hebu mpe mtu ubani uone atafanya nini. Atatafuna. Kitu laini kati ya meno kinawaalika misuli ya taya ifanye kazi. Jeffrey Okeson wa Chuo Kikuu cha Kentucky, Marekani, alilipima jambo hili mwaka 1987: watu 10 walivaa kinga ngumu na laini kwa nyakati tofauti, kazi ya misuli ya taya ikapimwa usiku wakiwa usingizini. Ile ngumu ilipunguza kazi ya misuli kwa watu 8. Ile laini ilipunguza kwa mtu 1, na kwa watu 5 iliongeza. Watu kumi ni wachache na miaka imepita mingi, lakini niliposoma namba hizo niliona historia yangu mwenyewe. Mwezi wa pili mapanja yalirudi kugonga. Mwezi wa nne kinga ilikuwa na matundu mawili kwenye magego, na mke wangu akaniuliza kama nimeanza kula plastiki.

Laini haichongeki vizuri pia. Daktari akiona sehemu moja inagusa kabla ya nyingine, hawezi kuikwangua ikalainika. Inanyumbuka chini ya mashine na kuacha uso wenye nyuzinyuzi. Ikikaa vibaya, imekaa vibaya.

Inamfaa nani basi? Mtu anayebana meno kidogo bila kuyasuguanisha sana, mwenye meno yanayoshtuka kwa kuguswa, au aliyejaribu ngumu akashindwa kabisa kulala. Kwa msaga wa kweli, yule anayesikika chumba cha pili, ni hela ya kutupa.

Ngumu ya kupimwa

Hii ndiyo ninayolala nayo, mwaka wa tatu sasa. Ni akriliki, plastiki ngumu, ndugu wa karibu wa ile inayotengeneza ufizi wa pinki kwenye meno ya bandia, ila hii ni angavu. Kwenye magego ina unene wa milimita mbili hadi tatu hivi. Umbo maarufu kuliko yote linaitwa Michigan, kwa sababu lilibuniwa na Ramfjord na Ash wa Chuo Kikuu cha Michigan: linafunika meno yote ya juu, uso wake ni bapa na laini kama kioo, na mbele kuna vipandio viwili vidogo kwenye meno ya chonge.

Bapa hilo ndilo siri yake. Meno ya chini yakija juu hayapati shimo la kuingia wala kilima cha kushikilia. Yanateleza. Ukisukuma taya kulia au kushoto, jino la chonge linapanda kipandio chake na magego yote yanaachana. Msuli ukikosa cha kukamata, mara nyingi unapunguza nguvu.

Ila ugumu wa plastiki peke yake hautoshi. Ninachokilipia kwa daktari ni kazi inayofanyika kabla na baada ya plastiki, na hapo ndipo kliniki ile ya kwanza waliniruka. Nitaeleza ilivyokwenda mara hii ili ujue cha kudai.

Siku ya kwanza daktari hakunipima kinga. Alitazama meno, akapiga picha ya eksirei, akakuta tundu gego la juu na ile kona iliyomeguka. "Baba, tuzibe hivi kwanza," daktari akaniambia, binti mdogo tu kwa umri. "Kinga inafuata umbo la meno. Nikikutengenezea leo halafu mwezi ujao nikajenga jino, haitaingia." Nikaona kweli. Kama una mpango wa kuziba, kung'oa au kuvalisha jino kofia, maliza hayo kwanza.

Baada ya kuziba, vipimo. Anachanganya unga wa alginati na maji, anaujaza kwenye sinia ya chuma na kukuingiza mdomoni dakika mbili tatu, mpaka ugande kama uji wa jana. Alginati hutokana na mwani, si huu mwekundu wanaolima kina mama wa Paje na Jambiani, ni mwani wa kahawia wa bahari za baridi. Ukiwa mtu wa kutapikatapika, omba kuketi wima, pumua kwa pua, inua mguu mmoja na uukazie macho. Ni mbinu ya madaktari ya kukuhamisha mawazo, na kwangu ilifaa. Vipimo huchukuliwa vya taya zote mbili, halafu unang'ata nta ili fundi ajue meno ya juu na ya chini yanakutana wapi. Akichukua taya moja tu, uliza kwa nini. Alginati ikikaa hukauka na kusinyaa, hivyo plasta, ile ya kutengenezea sanamu ya meno yako, inatakiwa kumiminwa ndani yake upesi. Ukiona vipimo vyako vimeachwa dirishani juani, anza kuwa na wasiwasi. Kliniki zenye kamera ya kuchanganua meno huruka uji wote huu, na kinga huchongwa au kuchapwa kwa mashine. Ni raha zaidi, lakini kamera haiwezi kufanya kazi ya siku ya kuvalishwa.

Siku ya kuvalishwa ndiyo yenyewe. Kinga inatakiwa kuingia kwa kusukuma kidogo kwa vidole, ikae bila kucheza wala kuhitaji ulimi kuishikilia. Kubana kidogo dakika za mwanzo ni kawaida. Maumivu kwenye jino moja si kawaida. Kisha inakuja karatasi nyembamba ya rangi. Unagonga meno juu yake, inaacha madoa kwenye akriliki, daktari anakwangua palipozidi, unagonga tena. Kwangu ilichukua kama nusu saa. Mwisho nilikuwa na doa dogo kwa kila gego, pande zote mbili, yenye uzito unaolingana. Nikisukuma taya pembeni, mstari mmoja tu kwenye jino la chonge. Baada ya wiki mbili nikarudi, akakwangua tena, kwa sababu misuli ikitulia taya hubadilisha kidogo mahali pa kukaa.

Kasoro zake? Wiki ya kwanza unahisi umelala na kijiko mdomoni. Mate yanajaa. Unazungumza kama mlevi, kwa hiyo ugomvi wa usiku wa manane uahirishe. Asubuhi ukiivua, meno huonekana hayakutani vizuri kwa dakika chache. Hiyo ni kawaida. Hali hiyo ikidumu hadi saa ya chai ya saa nne, rudi kwa daktari.

Mchanganyiko, ndogo, na ya posta

Ipo ya tabaka mbili, ndani laini, nje ngumu. Inapendeza kuvaa na uso wake wa nje unachongeka. Kwa watu ambao meno yao yanashtuka, au waliopinda meno kiasi cha akriliki tupu kuwabana, ni chaguo zuri sana. Udhaifu wake ni kiungio: kwa msaga mkali, tabaka huweza kuachana baada ya muda, na uchafu ukiingia hapo hautoki.

Ndogo inayokaa meno ya mbele tu nisingeivaa bila daktari anayenifuatilia kila mwezi. Magego yanabaki hewani usiku mzima, na kwa baadhi ya watu yanasogea mpaka meno ya mbele hayafungi tena. Isitoshe ni ndogo kiasi cha kumezwa.

Ya posta ndiyo ndugu zetu wa Marekani na Uingereza wanatuhimiza. Maabara inakutumia donge la silikoni, unajichukulia vipimo nyumbani, unarudisha, wanakutengenezea na kukutumia. Tofauti na alginati, silikoni nzuri haisinyai safarini, kwa hiyo kitaalamu inawezekana. Plastiki yao inaweza kuwa sawa kabisa na ya daktari. Kinachokosekana ni ile nusu saa ya karatasi ya rangi. Wao wanaona plasta ya meno yako, hawajui taya lako linavyokwenda. Wala hakuna aliyekuangalia kama una tundu au jino linalocheza. Kwa mtu wa Houston ambaye daktari wake anadai dola mia kadhaa na maabara ya posta dola mia moja na kitu, naelewa hesabu yake. Kwa mtu wa Mwanza, ongeza usafirishaji, ushuru, na miezi ya kusubiri kama vipimo vimekataliwa, mimi nisingehangaika.

Nimeweka kwa kifupi zile nne ambazo watu huchagua kati yake:

| | Ya kuchemsha | Laini | Ngumu | Tabaka mbili |
|---|---|---|---|---|
| Kwenda kwa daktari | hakuna | mara 2 | mara 3 au zaidi | mara 3 |
| Kuizoea | wengi huitema | siku 2 au 3 | wiki 1 hadi 2 | siku chache |
| Kurekebishwa | hapana | kwa shida | ndiyo, hata kuongezwa | uso wa nje tu |
| Kudumu kwa msaga mkali | wiki hadi miezi | miezi | miaka kadhaa | kati ya hizo mbili |
| Inamfaa | anayesubiri miadi | anayebana kidogo | anayesuguanisha meno | mwenye meno yanayoshtuka |

Juu au chini?

Madaktari hubishana, na wagonjwa hubishana zaidi. Ya juu hushika vizuri na ni rahisi kuipangia mgongano wa meno. Ya chini haionekani, haigusi kaakaa, na watu wanaotapikatapika huivumilia. Kama una pengo la magego upande mmoja wa chini, mara nyingi kinga huwekwa taya lenye pengo ili izibe na kuzuia jino la juu lisiote kuja chini. Zaidi ya hapo mwachie daktari aamue. Matokeo hutegemea zaidi ilivyochongwa kuliko ilipokaa.

Kabla ya kununua yoyote, muulize mwenzako

Muulize unayelala naye: je, nakoroma? Je, pumzi hukatika halafu naibuka nikihema? Kama jibu ni ndiyo, na mchana unasinzia kwenye daladala hadi unapitiliza kituo, usinunue kinga kwanza. Nenda hospitali ukapimwe pumzi za usingizini. Kwa baadhi ya watu kusaga meno huambatana na pumzi hizo zinazokatika. Utafiti mdogo wa Montreal, Kanada, uliochapishwa 2004, uliwapa kinga ya taya la juu watu 10 wenye tatizo hilo, na kwa baadhi yao pumzi zilikatika zaidi. Kuna vifaa vya mdomoni vya kusogeza taya la chini mbele kwa ajili yao. Vinafanana na kinga kwa macho, kazi ni nyingine.

Halafu pitia unavyokula na kunywa. Kahawa ya jioni, sigara na pombe ya kabla ya kulala vyote huzidisha usagaji. Mirungi pia: ni kichangamshi, na taya linakuwa limeshatafuna saa kadhaa kabla hujagusa mto. Baadhi ya dawa za sonona kama fluoxetine na sertraline zinaweza kuleta jambo hili. Ukihisi hivyo, usiziache mwenyewe, mwambie aliyekuandikia.

Kama unabana meno mchana, ofisini mbele ya kompyuta au kwenye foleni ya Ubungo, kinga ya usiku haikuoni. Hapo dawa ni kujikumbusha: midomo imefungwa, meno yameachana, ulimi umepumzika nyuma ya meno ya juu. Mimi nilibandika kipande cha karatasi chekundu pembeni ya skrini. Kila nikikiona naachia taya. Mwezi wa kwanza nilishangaa ni mara ngapi nilikuwa nimebana.

Na watoto: bibi yangu angesema ni minyoo. Nusu ya mtaa bado husema hivyo. Mtoto mpe dawa ya minyoo kama muda wake umefika, ni jambo jema kwa sababu zake, lakini usitegemee meno yanyamaze. Watoto wengi husaga wakiwa na meno ya utoto na huacha wanapokua, na kwa kuwa taya na meno bado vinabadilika, kwa kawaida hawatengenezewi kinga. Kinga ya kupimwa Januari haitaingia Juni.

Kuhusu bei

Kinga yangu ngumu ilinigharimu kama mara kumi ya gamshildi ya Kariakoo, na karibu mara mbili ya ile laini. Ukigawa kwa usiku niliolala nayo, ile laini ndiyo iliyonigharimu zaidi ya zote. Kliniki hutofautiana sana, kwa hiyo usiulize "bei gani?" peke yake. Uliza bei hiyo ina nini ndani: kumuona daktari, vipimo vya taya zote mbili, kazi ya maabara, na kurudi kurekebishiwa angalau mara mbili. Kliniki moja ilinitajia bei ndogo, nikagundua kila kurudi ni malipo mapya. Uliza pia kama wanabaki na plasta ya meno yako au unaichukua. Ukiwa nayo na meno hayajabadilika, kinga ikipotea huenda usirudie vipimo. Wenye bima waulize kabla ya kukaa kwenye kiti, na waombe jibu la maandishi.

Ikishakuwa yako

Joto ndilo adui. Usiioshe kwa maji ya moto, na usiiache ndani ya gari lililoegeshwa juani Dar es Salaam. Ile laini itapinda upesi, na hata ngumu yaweza kubadilika kiasi cha kutoingia. Maji ya kawaida, tone la sabuni, mswaki laini. Dawa ya meno ina chembe za kukwangua, itaifanya iwe na ukungu. Iache ikauke kwenye kiboksi chenye matundu. Kama mnafuga mbwa, iweke juu: harufu ya mate inamvutia, na jirani yangu alikuta yake imebaki nusu kwenye baraza.

Kila unapokwenda kwa daktari wa meno, nenda nayo. Mara ya mwisho daktari wangu aliigeuza kwenye taa, akapitisha kucha kwenye mikwaruzo ya upande wa kushoto, akaniuliza, "Baba, mwezi wa sita kulikuwa na nini kazini?" Mwezi wa sita tulikuwa na wakaguzi wa hesabu. Upande ule una mtaro sasa, kina chake kama unene wa kucha. Gego langu la chini kushoto bado lina kona yake ya kujengwa.